Damu Ikisema Ndiyo

Mwaka jana mteja mmoja wa ng'ambo alinilipa niandike maneno elfu moja kuhusu damu ya wanawake wajawazito. Hiyo ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na tangu hapo naishi Nyeri mjini nikiandikia watu nisiowajua sura: bima ya mbwa, magodoro, dawa ya kuotesha ndevu, chochote kinacholipa. Kazi nyingi hunitoka kichwani kabla pesa haijaingia kwa simu. Hii ilikataa kutoka. Mteja alitaka makala ya kusisimua, tone moja la damu litakalookoa maisha na mambo kama hayo, nikamwandikia. Akapenda, akalipa. Lakini kuna swali lililobaki mezani kwangu, na kwa kuwa hakuna aliyelilipia, naliandika hapa: ukimwambia mtu kwamba hatari inamjia, na hatari yenyewe bado haijafika, wewe uliyemwambia unadaiwa nini?

Ugonjwa wenyewe huku kwetu tunauita presha ya mimba. Baada ya wiki ya 20 presha ya mama inapanda, inafika 140 kwa 90 au kupita, na mara nyingi protini inaanza kuonekana kwenye mkojo. Wengine wanaumwa na kichwa kisichosikia dawa, wanaona vimulimuli, wanavimba uso na mikono, wanashikwa na maumivu chini ya mbavu. Wengine hawasikii chochote. Ikiachwa, figo na ini zinaharibika, au mama anaanguka na kutetemeka, na hapo jina linabadilika kuwa kifafa cha mimba. Dawa inayoumaliza ni moja tu: kuzaa. Mtoto atoke na kondo litoke, hata kama mtoto hajakomaa. Na hata baada ya kuzaa kuna wanaoshikwa siku kadhaa baadaye, wakiwa wamesharudi nyumbani na watu wanakuja na maziwa na maua.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ugonjwa huu unaua zaidi ya wanawake 40,000 kila mwaka, karibu wote katika nchi kama yetu. Hapa Kenya, ripoti ya kwanza ya kitaifa iliyochunguza kwa siri vifo vya akina mama, ikitazama vifo vya 2014, iliuweka miongoni mwa visababishi vikuu, nyuma ya kutokwa na damu. Kitu kingine ripoti hiyo ilichosema, na ambacho hakikukaa sana kwenye habari, ni kwamba kwa sehemu kubwa mno ya wanawake hao, huduma tofauti ingeweza kubadilisha mwisho wao.

Mimi mwenyewe nilitolewa wiki ya 33. Mama alikwenda kliniki kwa ajili ya kichwa, akapimwa, akaambiwa harudi nyumbani. Huwa anaisimulia hadithi hiyo kwa kicheko, hasa sehemu ya baba kufika na sukumawiki akidhani mkewe bado yuko foleni. Lakini hajawahi kuisimulia mpaka mwisho. Inafika pale daktari anapomuuliza baba swali la nani aokolewe kwanza, halafu mama anainuka kwenda kuangalia jiko.

Basi, damu. Mapema kabisa, kabla mimba haijaonekana, kondo linatakiwa kujichimbia ndani ya mishipa ya mfuko wa uzazi na kuipanua. Likichimba juujuu tu, baadaye linakosa damu ya kutosha, na likikosa linamwaga ndani ya mwili wa mama protini inayoitwa sFlt-1. Hiyo inafanya kazi kama kanga anayewavizia abiria stejini: inaikamata protini nyingine, PlGF, ambayo mishipa ya mama inaihitaji ili itulie. Mwaka 2003 Ananth Karumanchi na wenzake mjini Boston walionyesha kwamba panya mwenye mimba akizidishiwa sFlt-1 anapata presha na protini kwenye mkojo, karibu ugonjwa wote. Mwaka uliofuata, vipimo vya damu iliyokuwa imehifadhiwa vilionyesha sFlt-1 ikianza kupanda kama wiki tano kabla ya mama kuugua, na PlGF ikiwa chini mapema zaidi ya hapo. Damu ina habari ambayo mwenye damu hana.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kasi. Kypros Nicolaides na kundi lake la London walitengeneza hesabu ya wiki ya 11 hadi 13: unachukua historia ya mama, presha yake, picha ya mishipa inayopeleka damu kwenye mfuko wa uzazi, na PlGF. Hesabu hiyo inawanasa kama watatu kati ya wanne watakaopata ule ugonjwa mbaya wa mapema, unaolazimisha mtoto kutolewa kabla ya wiki ya 37. Ili iwanase inabidi iweke alama ya hatari kwa takriban mwanamke mmoja kati ya kumi. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha kazi nyingine, ya kusoma vipande vya RNA kwenye damu ya mama, inayotafuta jambo hilohilo. Na 2023 Marekani iliidhinisha kipimo cha sFlt-1 na PlGF kwa wanawake waliolazwa na presha. Yaani hii si ndoto. Kuna wanawake wanaopimwa leo hii. Ni wachache tu wanaopimwa kando ya Mlima Kenya.

Sasa nije kwenye namba iliyonikosesha usingizi. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao ASPRE. Walichukua wanawake ambao hesabu ya London ilisema wako hatarini. Nusu wakapewa aspirini miligramu 150 kila usiku, tangu kama wiki ya 12 hadi ya 36. Nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Kati ya wanawake 798 wa aspirini, 13 walipata ugonjwa kabla ya wiki ya 37. Kati ya 822 wasio na dawa, 35. Aspirini, kidonge ambacho shosho yangu alikuwa anakimeza kwa ajili ya goti, iliondoa zaidi ya nusu ya janga. Mteja wangu alitaka niishie hapo.

Lakini soma tena hiyo 35 kati ya 822. Hawa ni wanawake walioambiwa, kwa kipimo bora kilichopo, kwamba wako hatarini. Na bila dawa yoyote, zaidi ya 95 kati ya kila 100 hawakuupata ule ugonjwa wa mapema. Ukipiga hesabu ya upande wa pili, inabidi wanawake kama 38 wameze vidonge usiku baada ya usiku ili mmoja wao aepuke. Yupi? Hakuna ajuaye. Wala yeye mwenyewe hatajua. Atazaa salama, atapiga picha, atasema Mungu ni mwema, na hatakuwa na njia ya kutofautisha kama alikuwa yule mmoja au mmojawapo wa wale 37 ambao wangezaa salama hata wakimeza peremende.

Tatizo la kimaadili, kwa maoni yangu, limelala papo hapo. Kipimo kinajua kitu kuhusu umati. Kinajua kwamba katika wanawake elfu wenye damu ya aina hii, kama arobaini hivi wataugua mapema. Lakini daktari haongei na umati. Anaongea na mtu mmoja aliyeketi mbele yake na mkoba mapajani, na lugha anayotumia ni ya nafsi ya pili umoja: wewe uko hatarini. Ukweli wa elfu moja umeshushwa wote juu ya bega moja. Kuanzia siku hiyo ni yeye atakayenunua dawa, yeye atakayelipa nauli ya kwenda kupimwa kila wiki mbili, yeye atakayekaa macho akisikiliza kichwa chake kama kinauma au ni kelele za matatu. Umati umetoweka.

Sisi watu wa huku tunajua harambee. Wanakijiji 38 wanachanga, paa la mmoja linaezekwa. Aspirini ya mimba ni harambee ya ajabu kwa sababu hakuna anayejua imemwezekea nani, lakini ni harambee. Na harambee yoyote ile ina kamati, ina daftari, ina mtu wa kuulizwa. Haiwezekani umwambie kila mmoja achange peke yake gizani halafu asiyeweza kuchanga, paa likimwangukia, uambiwe ni uzembe wake, si aliambiwa?

Niliyafikisha haya kwa binamu yangu, ambaye namwita dada kama tunavyofanya sote nyumbani. Anauza nguo za watoto za mitumba pale Karatina. Mimba yake ya kwanza ilikuwa na presha, mtoto akatolewa mapema, sasa ana miaka mitano na hakai chini. Wakati nazungumza naye alikuwa na mimba ya pili, wiki ya tisa, na waliojua ni watu watatu. Nikamweleza habari za London, nikachora hadi kondo nyuma ya risiti. Akanisikiliza vizuri huku akikunja fulana.

"Sasa wewe na hizo damu zako," akasema. "Ikisema ndiyo, nani atakaa hapa siku ya soko?"

Nikamwambia si lazima aache kazi.

"Wewe husemi. Lakini nyumbani wakisikia nina alama, wataniambia nilale. Na baba watoto atauliza kwani nimefanya nini tena."

Hilo la kulala linanikera kuliko yote. Tangu 2011 WHO haipendekezi kupumzika nyumbani wala kupunguza chumvi kama njia ya kuzuia presha ya mimba, kwa sababu hakuna ushahidi kwamba vinasaidia. Lakini mwambie mama mkwe yeyote wa huku kwamba mkaza mwanawe ana alama kwenye damu, uone kama atakaa wiki nzima bila kuambiwa alale, aache chumvi, aache hasira. Hasira! Anapewa vitu vya kufanya vinavyomgharimu sana na visivyomsaidia chochote, na vile vinavyosaidia, ambavyo ni rahisi, hakuna anayemfuatilia navyo.

Hili tumeshaliona katika nchi hii. Wanawake wajawazito walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupimwa virusi vya Ukimwi kwa wingi, kwa sababu wao ndio wanaofika kliniki. Mwanamume alikuwa hajapimwa, hajagusa sindano. Basi aliyepimwa kwanza akaitwa aliyeleta. Kuna wanawake waliorudi kwa wazazi wao na magodoro kichwani kwa sababu ya karatasi ambayo haikuwa na kitu nyuma yake, hakuna dawa ya maana, hakuna mtu wa kuongea na mume. Miaka ikapita, dawa zikawa bure, mtu wa kuongea na mume akapatikana, na leo kipimo kilekile kinafanywa kliniki ya kwanza bila kelele nyingi. Sindano ni ileile. Kilichobadilika ni kile kilichosimama nyuma ya jibu.

Wanafalsafa wana hoja ya haki ya kutojua: kwamba mtu ana ruhusa ya kuikataa habari ya mwili wake mwenyewe, kama wale wenye ugonjwa wa ubongo unaorithiwa na usio na tiba ambao wanaamua wasipimwe. Naiheshimu hoja hiyo. Ila kwa jambo hili sidhani inagusa penyewe. Dada hakusema hataki kujua. Aliuliza nani atakaa dukani. Ukimsikia mtu kama huyo ukaandika "alikataa kipimo," umempatia falsafa ambayo hakuiomba ili usimpe msaada alioutaja.

Ngoja nitoe mfano wa tarehe. Wauguzi wa hospitali za umma waligoma mwanzoni mwa Juni 2017, wakarudi kazini mwanzoni mwa Novemba. Miezi mitano. Chukua mwanamke wa Kieni, kule upande mkavu wa Nyeri ambako boda ikikuacha Endarasha usiku umeachwa kweli, aliyekuwa na mimba ya wiki 12 mgomo ulipoanza. Ulipoisha alikuwa wiki ya 33 au 34. Kipindi karibu chote ambacho kipimo cha London kingemtaka ameze dawa na kufuatiliwa, mlango wa zahanati ulikuwa na kufuli. Sasa fikiria kwamba Mei ile damu yake ilikuwa imepimwa ikasema ndiyo. Je, amefanyiwa wema? Sisemi wauguzi walikosea kugoma. Walikuwa na madai yao, na serikali ilikuwa na kalamu ya kuyasaini. Nasema kwamba aliyemwambia "rudi baada ya wiki mbili" alitoa ahadi kwa niaba ya watu wengi ambao hakuna aliyewauliza.

Wakikuyu wana kumbukumbu ya nabii, Mugo wa Kibiru, anayesemwa kwamba kabla wazungu hawajafika alitabiri wageni wenye rangi ya chura mdogo na nyoka wa chuma atakayekwenda kutoka maji hadi maji. Tulifundishwa habari zake shule ya msingi kama maajabu, aliona treni kabla ya treni. Ambacho hatukufundishwa sana ni kwamba kwa masimulizi aliyoyaandika Jomo Kenyatta, nabii hakuishia kwenye kuona. Alitoa na maelekezo: msipigane nao, silaha zao zitawamaliza, wapokeeni kwa adabu lakini msiwakaribishe karibu sana na boma. Unaweza kubishana na ushauri wenyewe, na watu wamebishana hadi leo. Lakini katika fikira za wazee wale, mwenye kuona alikuwa pia mwenye kushauri, na baada ya hapo jambo lilikuwa la wote.

Nadhani hapo ndipo naposimama. Anayetoa utabiri anaingia deni na yule anayempa. Deni lenyewe linahesabika: dawa mkononi siku ileile, tarehe ya kurudi, mashine ya presha yenye betri, namba ya simu inayopokelewa usiku, na mtu wa kumweleza mume. Vikikosekana hivyo, kinachobaki ni kwamba kliniki imeitoa hofu yake kwenye daftari lake ikaiweka tumboni kwa mwanamke.

Kuna wanaochukua hoja hii wakaenda nayo pabaya. Wanasema basi tungoje. Mfumo ukiwa tayari, ndipo tulete kipimo. Ni hoja ya watu walioshiba. Anayengoja si yule mwenye bima nzuri Nairobi. Yeye anapimwa akitaka. Anayengoja ni wa Kieni, na mimba haijui kungoja. Zaidi ya hayo, tunasahau kwamba kipimo kinaweza kusema hapana. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwatazama wanawake ambao madaktari walikuwa wanawashuku. Ukilinganisha sFlt-1 na PlGF, ukapata 38 au chini ya hapo, basi uwezekano wa mama kutoupata ugonjwa ndani ya wiki moja ulikuwa zaidi ya 99 kwa mia. Ikipita 38, waliougua ndani ya wiki nne walikuwa kama 37 kwa mia. Unaona? Kipimo hiki ni hodari zaidi wa kutuliza kuliko wa kutisha. Kwa mwanamke aliyelazwa siku ya tatu mjini kwa sababu tu hawana uhakika, huku ng'ombe hawajakamuliwa, "rudi nyumbani" yenye uhakika ina thamani ya pesa taslimu. Hiyo nayo ni sehemu ya maadili, ingawa haiuzi makala.

Na sasa jambo ambalo mteja wangu hakulitaka kabisa. Dada hakuhitaji damu yake iseme lolote. Mwanamke aliyewahi kupata presha ya mimba tayari yuko kwenye kundi la hatari kubwa, na WHO inapendekeza apewe aspirini ya kiwango kidogo mapema, kabla ya wiki ya 20. Wamo pia wenye mapacha, wenye kisukari, wenye presha ya kawaida, wenye ugonjwa wa figo. Tena kwa jamii ambazo chakula chao kina upungufu wa kalisiamu, wanapendekeza vidonge vya kalisiamu. Ili kujua haya unahitaji mdomo wa kuuliza na kalamu ya kuandika. Nilikitazama kijitabu chake cha Mama na Mtoto cha mimba hii, alichopewa kliniki alikoanzia. Swali la mimba zilizopita limo. Jibu limeandikwa kwa kalamu ya bluu: presha, na mwaka. Chini yake hakuna kitu.

Huo ndio utabiri wetu wa bure, tumekuwa nao miaka yote, na namna tunavyoutendea inaonyesha tutakavyoutendea ule wa bei ghali. Nchi hii inatujua wanawake wa Nyeri kwa utani wa kupiga waume. Wizara inatujua kwa presha na kisukari. Ndiyo sababu mwaka 2018 kaunti yetu ilichaguliwa pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo kuanza majaribio ya afya kwa wote. Kwa hiyo si habari ya siri. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu.

Mimi ningetaka kupimwa? Sina mimba, na sina haraka. Lakini kwenye fomu ya London nina visanduku viwili tayari. Kimoja kinauliza kama mama yangu aliwahi kuupata ugonjwa. Kingine kinauliza asili, na hesabu inampandishia hatari mwanamke mweusi, awe amezaliwa Jamaica, Lagos au Mathira, kama vile sisi sote tulinyonya ziwa moja. Kisanduku hicho kilijifunza kwa wanawake weusi wanaoishi Uingereza, na sijui ni ngozi yao iliyohesabiwa au namna wanavyoishi huko. Pamoja na hayo, ndiyo, ningetaka. Ningetaka kwa sababu mama yangu hakupewa nafasi ya kujiandaa hata kwa siku moja, alikwenda na kichwa akabaki na upasuaji. Ila ningemuuliza anayenipima swali la dada kabla sijakunja mkono wa sweta: ikisema ndiyo, wewe utafanya nini?

Dada alirudi kliniki wiki ya 12, nikamsindikiza. Alimwonyesha nesi mstari wa kalamu ya bluu akauliza kuhusu aspirini. Nesi, mama mmoja wa makamo aliyekuwa na foleni hadi nje kwenye baridi, akausoma, akamuuliza kuhusu vidonda vya tumbo na pumu, akamwita daktari. (Uliza hivyo hivyo na wewe; usiende kujinunulia dawa kwa sababu umesoma insha ya mtu aliyeacha chuo.) Akaandikiwa, anameza kila usiku baada ya kumlaza mtoto. Mhudumu wa afya wa mtaa wao ni mmojawapo wa wale waliopewa mikoba yenye mashine ya presha mwaka 2023, na kila Alhamisi ya pili anapita pale sokoni, dada anakaa juu ya furushi la mitumba, anavua koti mkono mmoja. Mume anakaa na duka siku za kliniki. Bei anazosema ni za ajabu, lakini anakaa. Juzi ilikuwa wiki ya 29 na mashine ikasoma 122 kwa 76. Dada aliniuliza kama ni dawa inayofanya kazi au ingekuwa hivyo tu. Nikamwambia hakuna wa kujua. Akasema sawa, akamuuliza mteja kama anataka ya mvulana au ya msichana.